Krismasi Kazini: Waskoti Walivyoihamishia Sherehe Yao Mwaka Mpya

Jumatano ya 25 Desemba 1957 jua lilichomoza Glasgow saa tatu kasorobo asubuhi. Muda mrefu kabla ya hapo mafundi wa meli wa kando ya mto Clyde walikuwa wameshatoka majumbani, wamevaa nguo za kazi. Watoto waliamshwa gizani wapate kufungua zawadi zao baba angali yupo. Viwanda viliunguruma, treni zilipita kwa ratiba ya kila siku, tarishi aligawa barua. Kusini ya mpaka, London ilikuwa imefunga milango. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka. Tarehe 1 Januari 1958 makarani wa London walipanda treni kwenda ofisini, na Glasgow nzima ilikuwa imelala kwa uchovu wa sherehe.

Nchi hizi mbili zilikuwa na mfalme mmoja tangu 1603 na bunge moja tangu 1707. Zote zilikuwa za Kiprotestanti. Baridi ya Desemba inayomuuma mtu wa Newcastle ndiyo hiyohiyo inayomuuma mtu wa Edinburgh. Hata hivyo, kwa karne kadhaa mmoja alipumzika siku ambayo mwenzake alikwenda kazini. Hali ya hewa haiwezi kulieleza jambo hili. Lazima turudi kanisani na bungeni.

Mwaka 1560 Uskoti iliachana na Kanisa Katoliki la Roma. John Knox na wenzake waliandika mwongozo wa kanisa jipya, wakasema wazi kwamba sikukuu isiyoamriwa na Maandiko haina nafasi. Krismasi ilikuwamo. Biblia haitaji tarehe aliyozaliwa Yesu, wala haiagizi ikumbukwe kwa siku maalumu. Kwa hiyo, walisema, sherehe hiyo ni mazoea ya binadamu yaliyovalishwa joho la dini. Hoja hiyo haikuishia mimbarani. Mabaraza ya wazee wa kanisa yalifuatilia nani ameimba, nani amecheza ngoma, nani amepika chakula kisicho cha kila siku. Huko Aberdeen miaka ya 1570 wanawake walishtakiwa kwa kucheza na kuimba nyimbo za Krismasi. Glasgow, mwaka 1583, walioiadhimisha siku hiyo waliamriwa kutubu hadharani, na waokaji waliooka mikate ya sikukuu wakaulizwa waliioka kwa ajili ya nani.

Swali hilo kwa waokaji ndilo linalonikaa moyoni kuliko sheria zote zilizofuata. Mwokaji amegeuzwa shahidi dhidi ya mteja wake, na mkate umekuwa kielelezo cha mashtaka.

Mfalme James wa Sita alijaribu kuirudisha sikukuu hiyo. Mwaka 1618 mkutano wa kanisa uliofanyika Perth ulipitisha, kwa shinikizo lake, vifungu vitano ambavyo kimojawapo kilitambua Krismasi. Wapresbiteri wengi walivikataa mioyoni, na miaka ishirini baadaye mkutano mkuu wa Glasgow ukavitupilia mbali. Mwaka 1640 Bunge la Uskoti lilifuta kabisa mapumziko ya Krismasi.

Uingereza nayo ilipitia moto huohuo, ila kwa muda mfupi. Wapuritani waliposhika bunge la London walipiga marufuku Krismasi mwaka 1647. Desemba ya mwaka huo, watu wa Canterbury walipoona maduka yamefunguliwa kwa amri, waliyavamia, na ghasia zikaenea mjini. Ng'ambo ya Atlantiki, Wapuritani wa Massachusetts walitoza faini ya shilingi tano kwa yeyote atakayeacha kazi au kufanya karamu siku hiyo. Sheria yao ilidumu tangu 1659 hadi 1681. Mfalme Charles wa Pili aliporudi London mwaka 1660, Krismasi ya Waingereza ilirudi naye. Uskoti ilifuata njia yake. Kanisa la Kipresbiteri likashinda, likawa kanisa la taifa, na 25 Desemba ikabaki siku ya kazi.

Sasa, watu wanaoishi katika nchi ambako Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni hawawezi kuvuka miezi ile bila usiku mmoja wa moto, nyama na nyimbo. Waskoti waliposhindwa kuupata tarehe 25, waliutafuta wiki moja mbele. Tarehe ya kuuweka ilikuwapo tayari. Tangu mwaka 1600 Uskoti ilihesabu mwaka mpya kuanzia 1 Januari, wakati Uingereza iliendelea kuuanza mwaka 25 Machi hadi 1752. Siku hiyo haikubeba misa wala uzito wa Krismasi, kwa hiyo ilikuwa rahisi zaidi kuiachia watu. Mkesha wake huitwa Hogmanay, na mila za majira ya baridi zilizofukuzwa kwingine zilipata kwao humo.

Kabla ya saa sita usiku nyumba husafishwa, majivu ya mekoni hutolewa nje, na mwenye deni hujitahidi kulilipa mwaka usije ukamkuta nalo. Kisha husubiriwa mtu wa kwanza kuvuka kizingiti. Anayetakiwa ni mwanamume mrefu mwenye nywele nyeusi, aje na kipande cha makaa ya mawe ili nyumba isikose moto, biskuti za siagi ili isikose chakula, na wiski ya kumpa mwenyeji. Mwenye nywele za rangi ya dhahabu hakaribishwi kwa furaha ileile. Wenyeji wengi husema ni kumbukumbu ya maharamia wa Skandinavia waliokuwa wakiivamia pwani yao. Watu hushikana mikono na kuimba Auld Lang Syne, wimbo ambao Robert Burns aliuandika mwaka 1788 kutokana na maneno ya zamani zaidi. Msomaji wa Makunduchi hatashangaa sana. Mwaka Kogwa, sherehe ya kwao ya mwaka mpya, huja Julai, katikati ya kipupwe, na hauna uhusiano wowote na Hogmanay, lakini pale napo mwaka hauanzwi na kinyongo cha mwaka uliopita: watu hukitoa kwa kuchapana migomba uwanjani, kisha wakala pamoja.

Lakini sherehe ni kitu kimoja, na ruhusa ya kutokwenda kazini ni kitu kingine. Sheria ya sikukuu za benki ya mwaka 1871, iliyopiganiwa na mbunge John Lubbock ambaye mwenyewe alikuwa mwenye benki, ilizipa nchi hizi mbili orodha tofauti. Uingereza ilipata 26 Desemba, yaani Boxing Day, siku ambayo mabwana walikuwa na desturi ya kuwapa watumishi visanduku vya zawadi. Uskoti ilipata 1 Januari. Benki za Uskoti ziliruhusiwa kufunga 25 Desemba pia, ila mwenye kiwanda hakulazimishwa. Karani wa benki alikaa na wanawe, fundi wa meli akaenda kazini. Hapo ndipo naona kosa la wazee wa kanisa lilipogeuka kuwa faida ya matajiri. Katazo lililoanza kwa ajili ya usafi wa imani liliendelea kuishi baada ya bidii ya imani hiyo kupoa, kwa sababu kulikuwa na watu waliopata siku moja zaidi ya jasho la wengine.

Krismasi ikawa sikukuu ya umma Uskoti mwaka 1958, takriban miaka 400 baada ya Knox. Na hata hapo tabia ilichelewa kubadilika. Mwaka 1976 ligi ya soka ya Uskoti ilichezwa tarehe 25 Desemba. Clydebank na St Mirren walitoka sare ya mabao 2-2. Mechi kubwa, hata hivyo, ilikuwa ya Mwaka Mpya: Rangers na Celtic. Tarehe 2 Januari 1971 uwanja wa Ibrox ulifurika, na mechi ilipokuwa inamalizika umati uliokuwa ukiteremka ngazi namba 13 ulianguka ukalaliana. Watu 66 walikufa, wengi wao vijana. Kwa familia nyingi za Glasgow msimu wa sherehe haukuwa tena kama zamani.

Mwaka huohuo wa 1971 sheria mpya iliandika 2 Januari kuwa sikukuu ya benki Uskoti, siku ya kupumzikia baada ya Hogmanay. Mwaka 1974 kila upande ulipata ulichokikosa: Waingereza 1 Januari, Waskoti 26 Desemba.

Na sisi Afrika Mashariki? Kalenda yetu ya Desemba imetokana na ofisi za watawala. Unguja, kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini liliwekewa jiwe la msingi siku ya Krismasi mwaka 1873, miezi michache baada ya Sultani Barghash kukubali kulifunga soko la watumwa lililokuwa hapo. Wamisionari wale walikuwa Waanglikana wa Kiingereza walioitukuza siku hiyo. Edward Steere, aliyesimamia ujenzi na aliyechapisha vitabu vya sarufi na hadithi za Kiswahili, alikuwa mmoja wao. Wamisionari wa Kiskoti, waliotoka Kibwezi wakahamia Kikuyu mwaka 1898, walitoka katika nchi ambako siku hiyo ilikuwa ya kazi. Lakini sikukuu za koloni hazikupangwa na mmisionari, zilipangwa na serikali, na serikali ilifuata desturi ya London. Ndiyo maana 26 Desemba ofisi hufungwa Nairobi na Dar es Salaam. Tanganyika isingeikosa hata kama Wajerumani wangebaki, maana kwao nako 26 Desemba ni siku ya pili ya Krismasi. Wabelgiji, waliotawala Kongo, hawakuwa na sikukuu hiyo, na Goma na Lubumbashi watu hurudi kazini 26 Desemba ilhali wenzao wa Kigoma wamepumzika.

Uskoti si nchi pekee ambako marufuku iliihamisha sherehe badala ya kuiua. Umoja wa Kisovyeti ulifuta mapumziko ya Krismasi mwaka 1929, na mti wa sikukuu ukahesabiwa kuwa masalio ya makasisi na matajiri. Hata 1 Januari ikawa siku ya kazi. Kisha tarehe 28 Desemba 1935 kiongozi wa chama aitwaye Pavel Postyshev aliandika barua katika gazeti la Pravda akitaka watoto wawekewe miti, ila iwe ya Mwaka Mpya. Ndani ya siku chache miti ilisimama tena, na nyota nyekundu ikakaa kileleni palipokuwa na nyota ya Bethlehemu. Babu mwenye ndevu nyeupe, Ded Moroz, akarudishiwa kazi yake ya kugawa zawadi. Postyshev mwenyewe alikamatwa mwaka 1938 na kupigwa risasi mwaka uliofuata. Desturi aliyoiombea ilimpita umri.

Serikali ilichukua muda mrefu zaidi kuwapa watu siku yenyewe. Amri ya Desemba 1947 ilirudisha mapumziko ya 1 Januari, na wakati huohuo ikaifanya 9 Mei, siku ya ushindi dhidi ya Wanazi, kuwa siku ya kazi. Watu waliopoteza ndugu kwa mamilioni vitani walinyang'anywa siku ya kuwakumbuka ili wapewe siku ya mti. Sioni namna ya kuitetea hesabu hiyo. Ushindi ulirudishiwa mapumziko yake mwaka 1965. Vijana wetu waliokwenda kusoma Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, Moscow, miaka ya 1960 na baadaye, waliikuta nchi isiyo na Krismasi kwenye kalenda lakini yenye miti, zawadi na vyakula vyote vya Krismasi usiku wa 31 Desemba. Krismasi ya Waorthodoksi, 7 Januari, ilipata tena mapumziko mwaka 1991.

Kuba ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1969 Fidel Castro aliondoa sikukuu ya Krismasi kwa sababu iliangukia katikati ya mavuno ya miwa, naye alikuwa amelenga kuvuna sukari tani milioni 10. Zilipatikana kama milioni 8.5. Lengo lilishindikana, lakini siku haikurudishwa hadi 1997, Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuwa anatarajiwa kuzuru Havana. Watoto waliozaliwa mwaka wa mavuno yale walikuwa watu wazima wenye watoto wao.

Leo Warusi wana mapumziko kuanzia 1 hadi 8 Januari. Uskoti, tofauti ya zamani haijaisha: 2 Januari bado ni sikukuu kule, na ni siku ya kazi London. Wala sikukuu ya benki haimlazimishi mwajiri wa Uskoti wala wa Uingereza kumpa mtu ruhusa. Kila kitu hutegemea mkataba. Kwa hiyo ndugu yetu unayekwenda kuanza kazi Glasgow au Aberdeen, hospitalini, ghalani au jikoni, usidhani kalenda ya ukutani ndiyo haki yako. Soma mkataba, uliza siku gani za Desemba na Januari zimeandikwa humo, na uulize kabla hujatia saini.