Sete si saa saba: Kireno na hesabu ya siku ya kazi

Kijana mmoja wa Bomet, aliyelelewa kwa majani chai, aliniomba juzi nimfundishe Kireno cha kazini. Amepata kazi Gurúè, eneo la chai katika mkoa wa Zambézia, Msumbiji. "Profesa, nipe tu maneno ya saa na siku, mengine nitajifunza hukohuko," akasema. Ombi dogo hilo, ila lina historia ndefu.

Wareno walifika Mombasa mwaka wa 1498, wakaanza kujenga Fort Jesus mwaka wa 1593 na kuipoteza mwaka wa 1698. Walituachia meza, leso, kasha na bendera, yaani vitu vya kushika. Maneno tunayopangia kazi, kama vile saa, dakika, ratiba na mshahara, tuliyapata kwa Waarabu.

Basi mchumaji chai wa Kericho anayeanza kazi saa moja asubuhi anahesabu tangu kupambazuka. Mreno huanzia usiku wa manane, kwa hivyo atasema: "Começo a trabalhar às sete da manhã." Sete ni saba, lakini wakati ni uleule. Anayesikia sete akadhani ni saa saba atafika kazini akiwa amechelewa kwa saa sita!

Siku nazo vilevile. Jumatatu kwa Kireno ni segunda-feira, siku ya pili. Jumanne ni terça-feira, ya tatu. Kisa? Kanisa lilihesabu kuanzia Jumapili, na askofu Martinho wa Braga, wa karne ya 6, ndiye anayetajwa sana kwa kupinga siku kuitwa kwa majina ya miungu ya Warumi. Waswahili nao, ambao juma lao lilifikia kilele kwa sala ya Ijumaa, wakaanza hesabu siku iliyofuata: Jumamosi, yaani mosi. Ndiyo maana juma letu lina tano mbili. Jumatano ni tano yetu. Alhamisi ni tano ya Waarabu, ambao huanzia Jumapili. Hapo wanakutana na Mreno na quinta-feira yake, siku ya tano.

Neno moja zaidi ni prazo. "Cumprir o prazo" ni kumaliza kazi katika muda uliowekwa. Lakini katika bonde la Zambezi, prazo lilikuwa pia jina la ardhi kubwa iliyokodishwa na mfalme wa Ureno kwa vizazi vitatu, pamoja na mamlaka juu ya wakazi wake. Sisi wa Kericho na Bomet tusishangae. Sheria ya ardhi ya kikoloni ya mwaka wa 1915 iliruhusu walowezi kukodishiwa ardhi kwa miaka 999. Ni Katiba ya 2010 iliyopunguza muda huo, kwa wasio raia, hadi miaka isiyozidi 99. Kibarua alihesabiwa siku, mwenye shamba akahesabiwa karne.

Kwa hiyo anayejifunza lugha ya kazi asikariri nambari tu. Aulize hesabu inaanzia wapi, na nani aliyeianzisha.