Ngitili za Shinyanga: Ukame, Amri na Mamlaka ya Wenye Ardhi

Mwaka 1986 serikali ya Tanzania ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi, zilizojulikana kubaki mkoani humo zilikuwa kama hektari 600 tu. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, zilikuwa zimerudi kwenye zaidi ya hektari 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Katika mijadala ya tabianchi, tarakimu hizo hutajwa kuonyesha kwamba mradi mzuri huweza kufufua ardhi iliyochoka. Mimi naona zinasema jambo zito zaidi. Wasukuma walikuwa na njia yao ya kuvuka kiangazi, njia hiyo ikavunjwa kwa amri zilizotoka mbali, na ilirudi pale tu waliporudishiwa kauli juu ya ardhi yao.

Usukumani mvua huanza Novemba na kukatika Mei, na katikati mara nyingi hupita wiki kadhaa za jua kali. Shida ya mfugaji si majani ya Machi, ambayo ni tele, bali ya Septemba na Oktoba, wakati mbuga imekwisha kulambwa. Ndiyo maana mvua zinapoanza, kaya au kijiji huteua eneo na kulifungia mifugo liwe ngitili. Majani hukua, huangusha mbegu na kukauka yakiwa bado yamesimama. Kuanzia Julai au Agosti eneo hufunguliwa kipande kwa kipande, na wanaotangulizwa ni ndama, ng'ombe wa maziwa, maksai wa kulimia, na mnyama mzee au mgonjwa asiyeweza kuswagwa hadi malisho ya mbali. Mara nyingi hapana uzio, mipaka inajulikana. Anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati hukamatwa na sungusungu, walinzi wa jadi, na kutozwa faini mbele ya dagashida, baraza la wanakijiji. Migunga nayo, ikiachwa bila kukatwa wala kuliwa, huchipua tena kutoka kwenye visiki vya zamani, kwa sababu mizizi haikufa.

Kuharibika kwa mpango huu hakukutokana na uzembe wa wafugaji. Katika miaka ya 1920 utawala wa Kiingereza, chini ya uongozi wa mtafiti C. F. M. Swynnerton, ulianza kuwakusanya watu kufyeka misitu ya Shinyanga ili kufukuza mbung'o. Sababu yake ilikuwa ya kweli, maana mbung'o waliua mifugo kwa nagana na watu kwa malale, lakini miti iliondoka pamoja na mdudu. Kisha ikaja pamba. Mashamba yakapanuka, na fedha ya pamba ikageuzwa ng'ombe, hivyo malisho yakapungua huku walaji wakiongezeka. Pigo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa Operesheni Vijiji ya 1974 na 1975. Kaya zilizotawanyika zilihamishiwa vijijini na kuacha ngitili zao nyuma, na ardhi ikaangukia mikononi mwa viongozi wa vijiji vipya wasiojua nani alifungia nini na wapi. Watemi, yaani machifu waliokuwa wasimamizi wa desturi hizo, walikuwa wamekwisha kuondolewa madarakani tangu mwaka 1963. Ndani ya miaka kumi mkoa ukaanza kuitwa jangwa la Tanzania.

Mtu anaweza kusema kwamba bila fedha za Norway zilizougharamia mradi na bila wataalamu wa misitu, ngitili zisingerudi. Fedha zilisaidia, na kukana hilo si haki. Lakini HASHI yenyewe ilianza kwa vitalu na miche ya miti ya kigeni, na mwitikio ulikuwa hafifu. Mambo yalibadilika maofisa walipokaa na wanakijiji, wakasikia kwamba kinachotakiwa ni kurudisha ngitili, wakaacha dagashida na sungusungu wasimamie. Mradi ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni nani aliyeamua. Utafiti ulioongozwa na Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine, uliotolewa mwaka 2005, ulikadiria kwamba kuni, malisho, dawa, asali na mazao mengine ya ngitili yana thamani ya takriban dola 14 kwa mtu kwa mwezi, kiasi kikubwa kwa kaya ya kijijini.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la usawa. Mwenye ng'ombe wengi hufungia eneo kubwa, na asiye na ng'ombe huweza kujikuta hana hata pa kuokota kuni. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu ngitili za kijiji zinahitaji ulinzi kuliko za mtu binafsi. Wengine husema tabianchi ya kesho si ile ya mababu. Lakini ngitili haikufungwa na kalenda. Siku ya kufunga na kufungua huamuliwa kila mwaka na watu wanaotazama mbingu na mifugo yao. Ina kikomo, naam. Ukame wa miaka miwili mfululizo huimaliza, na Wasukuma wengi wamekwisha kuhamia na mifugo yao Usangu, Rukwa na Kilombero.

Tangu 2004 ngitili zinabanwa tena na mashamba, mkaa na mgawanyo wa urithi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu kikundi kupewa hati ya haki miliki ya kimila, na inakiwezesha kijiji kutenga ardhi ya pamoja katika mpango wake wa matumizi ya ardhi. Kupima mipaka, kuitisha mkutano mkuu wa kijiji na kuandika hati hakupendezi kwenye picha za wafadhili kama kisima kipya au shamba la miche, lakini fedha za kuhimili mabadiliko ya tabianchi zinazokuja Shinyanga zianzie hapo, kwa ngitili za vijiji kwanza, na kwa majina ya wasio na ng'ombe pia.