Jinsi Barua Pepe Ilivyogeuka Jalada

Mtu akifungua leo barua pepe ya kazini iliyojibiwa mara kumi, hukuta jibu jipya juu kabisa na chini yake msururu mzima wa majibu ya nyuma, unaosomwa kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Wakongwe wa mtandao huuita mtindo huo uvivu. Hasara wanayoilalamikia ipo, lakini chanzo wanachokitaja sicho. Hapo awali kunukuu kulikuwa njia ya kumkumbusha msomaji. Barua pepe ilipoingia maofisini, kukawa njia ya kutunza kumbukumbu.

Usenet, mtandao wa majadiliano uliobuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, ulipitisha ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya simu. Jibu liliweza kumfikia msomaji kabla ya ujumbe unaojibiwa. Ndiyo maana mjibu alinukuu sentensi mbili tatu, akatanguliza kila mstari kwa alama ya >, kisha akaandika lake chini. Nukuu iliyonukuliwa tena ilipata >>, na msomaji akajua papo hapo nani kasema nini. Si kwamba alama hizo hazikuwa na usumbufu: mstari mrefu ukiongezewa >> ulivuka ukingo, neno moja likaangukia mstari wa pili bila alama, likaonekana kama la mjibu. Kufupisha nukuu kulikuwa na sababu nyingine pia: simu ililipiwa, modemu zilikuwa za polepole, na baadhi ya programu zilikataa kutuma ujumbe ambao mistari yake ya nukuu ilizidi mipya. Oktoba 1995, Sally Hambridge wa Intel aliuweka utaratibu huo katika mwongozo wa adabu za mtandao, RFC 1855: fupisha ujumbe wa awali, au nukuu kiasi cha kueleweka tu.

Atakayepinga atasema kosa ni la Microsoft, kwa kuwa Outlook, iliyotoka mwaka 1997, ilimweka mwandishi juu na kumwachia ujumbe mzima chini. Ni kweli, wengi huandika pale programu inapowaweka. Ila programu hiyo iliuzwa kwa maofisi, nayo yalikuwa na mazoea yake tangu enzi za karatasi. Hata katika masjala za serikali Afrika Mashariki, zilizorithi utaratibu wa Kiingereza, barua mpya hufungwa juu ya ile ya zamani, ili anayefunua jalada aanze na hali ilivyo sasa. Meneja anayeingizwa kwenye mawasiliano siku ya tano anahitaji historia nzima, wala hana pengine pa kuitafuta. Kwake nukuu kamili ni ushahidi, na kuikata kunazua shaka.

Kilichopotea ni kujibu hoja kwa hoja, na hilo linaniuma. Aliyekata swali la mwenzake na kuandika chini yake hakuwa na pa kulikwepea. Leo aliyeulizwa maswali manne huandika juu “Sawa, nimekupata”, na matatu yakabaki bila jibu. Gmail, iliyokuja mwaka 2004, ikapanga majibu kwa mfuatano na kuzificha nukuu, hivyo mtumaji haoni tena anachokibeba. Ndivyo mtu anavyompelekea mgeni barua ya mistari miwili, bila kujua kwamba chini yake kabisa kuna mjadala wa wiki iliyopita kuhusu mshahara wa mgeni huyo huyo.