Gumba la Katanga na Besi Inayoshuka

Fundo, kisiwa kidogo ng'ambo ya Wete, magharibi mwa Pemba, kimo katika ukanda wa taarabu, na taarabu ya asili haikujengwa juu ya kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja. Udi, fidla na ganuni hufuata mahadhi ya mwimbaji, kila kimoja kwa madoido yake. Gitaa kavu lina madai mengine: mpigaji mmoja abebe mahadhi juu na besi chini.

Baadhi ya waliolimudu jambo hilo mapema walitoka bara, na waliimba Kiswahili.

Mwaka 1952, huko Jadotville, Katanga, nchini Kongo, ambayo sasa ni Likasi, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda akipiga "Masanga". Bosco alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia. Gumba lilishughulikia nyuzi nene, cha shahada nyuzi nyembamba, na asiyemjua angeapa kwamba wapo wapigaji wawili. Alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, uliokuwa mji mkuu wa Msiri, mfanyabiashara na mtawala wa asili ya Unyamwezi. Kiswahili kilikuwa kimefika Katanga na misafara ya karne ya 19, kikakuzwa na migodi ya shaba. Sasa kikarudi mashariki kwenye sahani za santuri. Bosco na mwenzake Edouard Masengo walipofika Nairobi, walisikika redioni, na vijana wakawaiga. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi, aliyeuawa mwaka 1963, alivuma kwa mtindo wa omutibo: gumba kwenye besi, na pembeni mtu akigonga chupa ya soda.

Besi zao hazikushuka kila mara, zilipanda, zikaruka. Lakini gumba lililozoea kutembea peke yake haliemewi na mteremko wa besi inayoshuka hatua kwa hatua. Shika kodi ya C, besi ikiwa uzi wa tano, nafasi ya tatu. Nyuzi tatu nyembamba ziache zilivyo. Shusha besi hadi nafasi ya pili, upate B. Uachie uzi wazi, upate A. Kisha hamia uzi wa sita, nafasi ya tatu, upate G. Hatua ya pili huandikwa kwa mkwaju, C/B: C juu, B chini.

Anayejifunza leo, Fundo au kwingineko, asianze na chati za kodi. Asikilize "Masanga" akifuatilia nyuzi nene tu, apige besi peke yake mpaka imkae, ndipo aongeze kidole cha shahada.