Kwenda Shamba: Historia ya Tuta la Mboga la Mtoto wa Mjini

Likizo ya Disemba imekaribia, na kwenye nyumba nyingi za mjini habari ni moja tu: lini tunakwenda shamba. Kwetu sisi watoto wameshagawana matuta kwa midomo kabla hata skuli hazijafungwa. Huyu anataka bamia, yule anataka tungule, mdogo kabisa anataka kupanda peremende. Basi leo tumeona tusizungumzie mapishi wala mavazi, tuzungumzie hilo tuta lenyewe. Maana jembe hapa visiwani kwetu halikuwa mchezo wa likizo, na mtoto anayelishika kwa raha anashika kitu chenye historia nzito kuliko mpini wake.

Kwanza neno. Sisi Wazanzibari tukisema "shamba" hatuna maana ya kipande cha ardhi kilicholimwa tu. Shamba ni kila pahala pasipokuwa mjini. Mtu anaweza kuishi shamba maisha yake yote bila kulima hata mche mmoja, na akija Darajani akakosea njia ataambiwa "huyu wa shamba", na haambiwi kwa heshima. Watoto wetu wanalisikia neno hili tangu wadogo. Ndiyo maana siku ya kwanza wanapofika kwa bibi yao wanatembea kwa ncha za vidole, wanashika nguo zao zisiguse udongo.

Lakini waliotangulia kuishi hapa walikuwa wakulima na wavuvi kabla ya kuwa kitu chochote kingine. Wachimbaji wa mambo ya kale wamechuja udongo wa Unguja Ukuu, na wa Tumbe kule Pemba, wakapata punje za nafaka zilizoungua zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Zimo mtama na uwele, nafaka za Bara la Afrika, na zimo pia mpunga na chooko, zilizovuka Bahari ya Hindi na wafanyabiashara. Tumbe uwele ulikuwa mwingi. Jirani yake Chwaka ya Pemba, mji uliokuja baadaye, mpunga ndio uliotawala. Sisi kilichotugusa ni hizo punje kuungua. Punje aghalabu huungua jikoni. Huenda kuna mama aliyeghafilika na chungu chake karne nyingi zilizopita, labda mtoto alilia, na kosa lake hilo ndilo linalotusomesha leo.

Halafu angalieni kile tunachokiita chakula cha asili. Muhogo, mahindi, viazi vitamu, pilipili na tungule, vyote asili yake ni Amerika, na vilifika pwani yetu baada ya Wareno kuanza kuzunguka bahari hizi mwishoni mwa karne ya 15. Mbatata tunazotia kwenye urojo zimebakia na jina lao la Kireno mpaka leo. Bilingani ni la upande wa Bara Hindi. Kunde na bamia tunaweza kudai ni za Afrika. Kwa hiyo mtoto akipika kisamvu cha nazi na pilipili mbichi amekusanya mabara kwenye sufuria moja, na bibi yake atasema ndicho chakula cha wazee. Na kweli ni cha wazee, muhogo umeshakuwa mwenyeji hapa kabla ya mkarafuu.

Mkarafuu ndio uliobadilisha kila kitu. Uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said bin Sultan alipouona unashika, akawahimiza wenye mashamba waupande kwa wingi. Inasimuliwa kwamba aliamrisha mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Ardhi nzuri yenye rutuba ya magharibi ya Unguja, na vilima vya Pemba, ikajaa mikarafuu. Wenyeji wengi wa Unguja wakabakia na ardhi ya mawe upande wa mashariki na kusini, kule ambako hata leo ukilima unatafuta udongo baina ya jiwe na jiwe. Visiwa vilivyokuwa vikijilisha vikaanza kununua mchele wa nje kwa pesa za karafuu.

Na nani alipanda, akapalilia, akachuma? Hapa hatutaki kupita haraka. Walikuwa watumwa, wanawake kwa wanaume, waliotolewa bara kwa nguvu. Kazi yao ilikuwa ya siku tano kwa wiki, na kwa desturi Alkhamisi na Ijumaa waliachiwa, si kwa huruma tu. Walipewa kipande kidogo cha ardhi wakajilimie chakula chao wenyewe. Muhogo, kunde, viazi, mboga za majani. Bwana hakulazimika kuwalisha. Yule mama mtumwa aliyetoka kuchambua karafuu ndiye aliyekwenda kwenye kipande chake na watoto wake nyuma, akapanda kisamvu chao cha wiki. Tukitafuta mama wa kwanza aliyelima mboga na watoto wake katika siku zake za mapumziko chini ya mikarafuu hii, huyu ndiye. Jina lake hakuna aliyeliandika.

Wakati huohuo, kwa upande wa pili wa ua, shamba lilikuwa raha. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameandika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Humo anasimulia maisha ya mabibi wa kifalme na mashamba yao, na jinsi yeye mwenyewe alivyohamia shamba lake la Kizimbani baada ya ugomvi wa ndugu zake wa kifalme, kisha Bububu karibu na bahari. Kinapendeza kukisoma, na kinafaa kutukumbusha kuwa wanawake wa hapa walimiliki mashamba kwa majina yao zamani hizo, haki ambayo wanawake wengi wa Ulaya wakati ule hawakuwa nayo wakishaolewa. Lakini mwanamke mmoja alimiliki, na mwanamke mwengine alimilikiwa ndani ya shamba hilohilo. Ukimsimulia binti yako la kwanza, msimulie na la pili.

Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Mwaka uliofuata, soko la watumwa la mjini likafungwa. Utumwa wenyewe ukafutwa kwa sheria ya mwaka 1897, isipokuwa masuria, ambao walisubiri mpaka 1909. Tunaposoma kwamba "utumwa ulifutwa 1897", tujue kuna wanawake waliohesabiwa nje ya sentensi hiyo kwa miaka 12.

Waliopata uhuru hawakupewa ardhi. Wengi walibakia palepale, wakakubaliana na wenye mashamba: ninyi mtukalishe, sisi tutapalilia chini ya mikarafuu yenu, na baina ya miti tutapanda chakula chetu. Lakini palikuwa na sharti, na sharti hili ndilo ufunguo wa historia yote ya mboga hapa kwetu. Panda muhogo, panda kunde, panda mchicha, usipande mti. Kwa sababu kwetu mti ni hati. Mnazi unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi chini yake ya mtu mwengine, na aliyepanda mnazi ana la kusema hapo, na watoto wake wana la kurithi. Aliyepanda mboga akishavuna hana alama aliyoiacha. Mboga ilikuwa ruhusa kwa asiye na ardhi kwa sababu mboga haidai kitu. Ndiyo maana, mwishoni mwa miaka ya 1950, siasa zilipochacha na baadhi ya wenye mashamba wakaanza kuwafukuza waliokaa humo, watu waliong'olewa pahala walipozaliwa hawakuwa na hata mti mmoja wa kuuonesha.

Kabla ya hapo vita vya pili vya dunia vilikuwa vimeshatufundisha kitu. Mchele wetu mwingi ulikuwa ukitoka Burma, na Wajapani walipoiteka nchi ile mwaka 1942 mchele ukakatika. Serikali ya Kiingereza ikaanza mgao, na mgao wenyewe ulikwenda kwa kabila: Wahindi na Waarabu walitangulizwa kwenye mchele, Waafrika wakaelekezwa kwenye mahindi na muhogo. Maandishi ya serikali yaliyokuwa karatasi tu yakaingia sahanini. Kisiwa kinachonukia karafuu dunia nzima, na watu wake wanatafuta muhogo. Wakaambiwa limeni chakula, na waliolima wakaona faida ya kipande kilichodharauliwa.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilichukuliwa na serikali, na familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu. Kwa mara ya kwanza mjukuu wa aliyekatazwa kupanda mti akapanda. Kisha zikaja zile dhiki za mwanzoni mwa miaka ya 1970, foleni za mchele, unga na sukari, na mama zetu walizipita kwa majimbi, shelisheli na mtoriro wa nyuma ya nyumba. Bahati mbaya jembe likarudi na sura mbaya kwa njia nyengine, maana skuli nyingi ziliweka kulima kuwa ni adhabu. Umechelewa, kang'oe majani. Umepiga kelele, kapalilie. Kizazi kizima kimekua kikiamini udongo ni pahala anapopelekwa mkosaji. Sisi tunaona hilo limeharibu zaidi kuliko tunavyokiri, na wazazi wa leo wanaosema "mwanangu sitaki ashike jembe" wengi wao ndio hao waliopelekwa kupalilia juani.

Sasa tumefika kwetu. Shamba tunalokwenda Disemba ni la marehemu bibi yetu, lina minazi, miembe miwili na kipande cha mboga karibu na kisima. Warithi tumekuwa wengi. Fungu la kila mmoja limekuwa dogo kiasi cha kuhesabiwa kwa minazi, na wanawake tuna nusu ya fungu la kaka zetu kama ilivyo katika sheria yetu. Barabara imepita karibu, wanunuzi wa viwanja wamekuja mara mbili, na baadhi ya kaka zetu wanasema tuuze tugawane kabla bei haijashuka. Hawasemi kwa ubaya. Mmoja ana karo za watoto chuoni, mwengine anajenga. Na sisi tunaotaka libakie, ukituuliza linatuingizia nini kwa mwaka, tutataja nazi chache na mboga za wiki nne. Kikao cha familia ni baada ya likizo. Hatujui kitakwendaje.

Kwa hiyo mwaka huu tumekubaliana watoto wapande vitu viwili. Siku ya kufika wapande mboga, na kabla ya kuondoka wapande mti. Mchicha unafaa kuliko chochote kwa likizo, maana mvua za vuli huwa bado zina unyevu kwenye udongo, na mbegu ukizimwaga vizuri unachuma baina ya wiki ya tatu na ya nne, watoto wakiwa bado hapo. Mbegu ni ndogo kama vumbi, zichanganyeni na mchanga mkavu zisimwagike pamoja, na msizifukie sana. Mtoriro hauna haja ya mbegu, kateni vipande vya mtambaa urefu wa shubiri na kidogo mvizamishe tutani. Bamia itawashinda subira kwani inataka kama miezi miwili, lakini ikipandwa bibi au shangazi aliyebakia ataila, na mtoto akipigiwa simu kuambiwa bamia zake zimezaa utasikia anavyojisifu skuli. Tungule zinataka mkono wa mtu mzima, msimpe mtoto mdogo akavunjika moyo. Wekeni uzio wa makuti kwa sababu ya kuku, na kama mko upande wa kusini wa kisiwa, nguruwe mwitu hawana adabu, muhogo wataufukua usiku mmoja. Kinacholiwa na ndege msikigombee, tumefundishwa na Mtume (S.A.W.) kwamba alichopanda Muislamu akala ndege au mnyama au mtu, ni sadaka yake. Ya nguruwe sijui, mdogo wetu mmoja aliuliza na babu yake akacheka tu bila ya kujibu.

Na kabla ya jembe la kwanza kuingia, mchukueni mzee anayelijua shamba azunguke na watoto mti kwa mti, aseme huu ni wa nani, ulipandwa na nani, na nani alikuwa akiokota nazi chini yake. Mmoja wa watoto aandike. Sisi daftari tumeshalinunua, la kurasa 96, na ukurasa wa kwanza ameuchukua yule wa bamia, ameandika majina ya minazi kumi na moja mpaka sasa. Miwili haijajulikana ni ya nani. Mwenye kujua alikuwa shangazi yetu wa Makunduchi, tutapita kwake Jumamosi.