Cabal

Cabal ni neno la Kiingereza linalotaja kikundi kidogo cha watu wanaokula njama kwa siri, hasa ndani ya serikali, ikulu, chama au kampuni, ili washike madaraka au wamwangushe mwenye nayo. Hutumika pia kwa njama yenyewe. Ni neno la lawama: ni nadra kikundi kujiita hivyo chenyewe, bali hupachikwa jina hilo na mahasimu wake.

Asili yake ni neno la Kiebrania qabbalah, yaani mapokeo, litokanalo na kitenzi chenye maana ya kupokea. Mzizi huo, q-b-l, umeenea katika lugha za Kisemiti, na kwa njia ya Kiarabu umetuletea kubali, kabla, kibla, mkabala na kabila. Mwanzoni neno hilo la Kiebrania halikuwa na harufu ya siri. Wanazuoni wa Kiyahudi waliita hivyo mafundisho waliyopokea kutoka kwa waliowatangulia. Katika karne ya 12 na ya 13, kusini mwa Ufaransa na huko Hispania, likawa jina la elimu ya batini iliyofundishwa kwa wachache, na kitabu chake mashuhuri, Zohar, kikajitokeza Hispania mwishoni mwa karne ya 13. Wasomi wa Kikristo kama Pico della Mirandola wa Italia na Johannes Reuchlin wa Ujerumani, aliyechapisha kitabu juu ya elimu hiyo mwaka 1517, waliieneza kwa Kilatini. Wasioijua waliona tu watu wachache wamejitenga na wanasema mambo yasiyoeleweka, na kwa macho hayo ya nje maana ikaanza kupinda.

Ilipinda kabisa Ufaransa. Katika karne ya 17 neno cabale lilikuwa tayari la fitina. Wakuu waliotaka kumng'oa Kardinali Mazarin, waziri mkuu wa Ufaransa, mwaka 1643 waliitwa Cabale des Importants, jina la kejeli kwa watu wanaojiona wakubwa; kinara wao, Duke wa Beaufort, alitiwa kifungoni Septemba mwaka huohuo. Hata majumba ya tamthilia yalikuwa na cabale zake. Mtunzi Racine alipotoa tamthilia yake Phèdre, Januari 1677, mahasimu wake walimwinua Pradon aliyetunga tamthilia ya kisa hichohicho, na inasimuliwa kwamba walinunua viti vya kumbi zote mbili ili kwa Pradon kujae na kwa Racine viti vibaki vitupu.

Waingereza wengi husimulia asili nyingine, nayo si ya kweli. Wanasema neno liliundwa kwa herufi za mwanzo za mawaziri watano wa Mfalme Charles II walioshika hatamu baada ya kuanguka kwa waziri wake mkuu, Clarendon, mwaka 1667: Clifford, Arlington, Buckingham, Ashley na Lauderdale. Herufi zinalingana kweli, lakini kwa bahati tu. Samuel Pepys aliwaita hivyo washauri wa karibu wa mfalme katika shajara yake ya mwaka 1665, kabla watano hao hawajapanda pamoja. Sadfa hiyo ililipa neno umaarufu; haikulizaa.

Na hao watano hawakustahili jina hilo sana. Hawakuwa kitu kimoja: Buckingham na Arlington walikuwa paka na panya. Mla njama mkuu alikuwa mfalme mwenyewe. Mwaka 1670, katika mkataba wa siri wa Dover, aliahidi kumsaidia Louis XIV wa Ufaransa kuipiga Uholanzi, na pia kutangaza kwamba yeye ni Mkatoliki. Kwa ahadi hiyo ya dini angelipwa livre milioni 2, na akiasiwa na raia wake angeletewa askari 6,000. Kati ya watano, waliojua ni Clifford na Arlington tu. Ili kuwafumba macho wengine, Buckingham aliachiwa ajadiliane na Wafaransa kana kwamba hakuna kilichokwisha kuafikiwa, kisha Desemba mawaziri wote watano wakatia saini mkataba wa pili usiotaja dini hata kidogo. Ashley, Buckingham na Lauderdale walisaini kiini macho.

Vita dhidi ya Uholanzi vilianza 1672. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria iliyowafungia Wakatoliki vyeo vya serikali, Clifford, naye Mkatoliki, akajiuzulu na kufa kabla mwaka haujaisha. Ashley, ambaye sasa alikuwa Earl wa Shaftesbury, alifukuzwa akageuka kiongozi wa upinzani. Kufikia mwishoni mwa 1674 kundi lilikuwa limesambaratika.

Leo neno hili hupendwa na wanaoamini kwamba dunia inaendeshwa na watu wachache waliojificha. Mara nyingi imani hizo huwanyooshea kidole Wayahudi, na kwa neno lililochotwa katika dini yao, dhuluma hiyo ni maradufu.

Kwa Kiswahili, kundi la wala njama linatosha. Kuandika kabali hakufai, kwa kuwa neno hilo tunalo tayari, nalo ni la kumkaba mtu shingo. Elimu ya batini ya Kiyahudi iandikwe Kabala, kwa herufi kubwa, isichanganywe na fitina za ikulu.