Sanduku la Dola Moja

Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ilianza kuuza kamera iitwayo Brownie kwa dola 1. Ilikuwa sanduku la karatasi ngumu lenye lenzi moja isiyobadilishwa. Filamu ya picha sita iliuzwa senti 15. Hapakuwa na cha kurekebisha umbali, na hata kioo cha kuchungulia kilinunuliwa kando. Mwenye sanduku hilo alibaki na mawili tu ya kuamua: asimame wapi, na abonyeze lini.

Mimi nilikuwa na mengi. Mwaka jana, nilipoanza shahada ya uzamili, nilijibana nikaweka akiba ya kamera. Nilitaka kupiga picha nyumba ya bibi pale Kariakoo: vyumba sita, ukumbi katikati, na baraza mbele alipokaa jioni akipeta mchele. Nililinganisha lenzi kwa miezi saba. Ninunue ile ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na kamera? Au ya milimita 50, isiyovuta mbali wala karibu, lakini inayopokea mwanga mwingi hata kwenye chumba chenye taa moja? Muuzaji mmoja aliniambia bila lenzi tatu nisijisumbue. Nikamwamini, nikaendelea kudunduliza. Simu ilikuwa mfukoni siku zote, lakini nilijiambia nyumba ile inastahili kamera ya kweli.

Wajomba wakauza kiwanja. Siku niliyofika, paa lilikuwa limeezuliwa na milango imeshabebwa.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma jinsi wapigapicha walivyoanza. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza angali mwanafunzi, kwa Box Brownie ya mtumba, ya ukoo ule ule wa sanduku la dola moja. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix hapa hapa Dar. Mwaka 1984 picha alizopiga Korem, Ethiopia, ziliuonyesha ulimwengu njaa. Henri Cartier-Bresson wa Ufaransa naye alishika Brownie utotoni. Alitoka familia yenye mali, lakini alipopata Leica mwaka 1932, sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya kwa lenzi ya milimita 50. Akitaka kitu kiwe karibu, alikisogelea.

Sisemi kifaa hakina maana. Brownie ilitaka jua. Usiku, ukumbini kwa bibi, ingetoa giza tupu, na lenzi yenye mdomo mpana ingeona. Lakini jambo hilo ningelijua kwa wiki moja. Miezi iliyobaki ilikuwa woga. Maadamu nilikuwa bado nachagua, hakuna aliyeweza kuniambia picha zangu ni mbaya.

Hatimaye nilinunua kamera ya mtumba na lenzi moja ya milimita 50. Kwa kamera yangu lenzi hiyo inabana picha, hivyo kila mara inanilazimu kurudi nyuma hatua kadhaa. Picha ya kwanza nilimpiga bibi kwa mama mdogo, Mbagala, ameketi kwenye ngazi na ungo mapajani.

“Mjukuu wangu,” akauliza, “mbona hukuja nayo kule?”

“Nilikuwa bado nachagua, bibi.”

Akanitazama kidogo, kisha akaendelea kupeta.